Kijana mwenye kisukari ajifunze vipi kujihudumia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kliniki wiki baada ya wiki. Mengine huulizwa na wazazi. Mengine huulizwa na vijana wenyewe, tena mara nyingi mzazi akishatoka chumbani. Sehemu kubwa inahusu kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mgonjwa hawezi kuishi nacho bila insulini. Dozi zinazotajwa humu ni za kuonyesha hesabu tu. Dozi ya mwanao inapangwa na wanaomtibu.

Aanze kujihudumia akiwa na miaka mingapi?

Watoto wengi wa miaka 8 au 9 wanaweza kujitoboa kidole na kusoma namba kwenye mashine. Wakifika 12, wengi wanajidunga vizuri tu. Hapo wazazi hupumua na kusema, "Sasa anajiweza." Bado. Mkono ndio umeshajua, lakini kazi ngumu ya kisukari haiko mkononi. Iko katika kukumbuka kila siku, kukisia sahani ina wanga kiasi gani, kuamua la kufanya namba isipoeleweka, na kuona mapema kwamba mpira wa jioni utashusha sukari usiku wa manane. Sehemu ya ubongo inayopanga na kujizuia huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Ndiyo maana kijana anayeongoza darasa kwa hisabati anaweza kusahau sindano mara tatu kwa wiki, na wala si ukaidi.

Kwa hiyo sitaji umri. Ninachoweza kusema ni kwamba vijana walioachiwa mzigo wote mapema kwa kawaida sukari zao huharibika kuliko za wale ambao mzazi alibaki karibu hadi mwishoni mwa ujana.

Nimwachie kazi zipi kwanza?

Moja moja, na usiongeze ya pili kabla ya kwanza haijawa mazoea. Wengi huanza na kupima, wakaja kwenye kudunga, kisha kuhesabu wanga, kisha kuchagua dozi. Mambo ya nje ya nyumba huja mwisho: kufuata dawa kabla hazijaisha, kukumbuka tarehe ya kliniki, kujieleza mwenyewe mbele ya daktari.

Njia ninayoipenda ni kumfanya kijana afikiri kwa sauti. Jioni kabla ya kula, mzazi anavuta kiti, anakaa kando, mikono kaikunja kifuani. Kijana anapima: 11.2.

"Haya, unaonaje?"

"Iko juu."

"Unadhani kwa nini?"

"Nilikula biskuti saa kumi. Sikudunga."

Hapa mzazi anawashwa na ulimi. Auzuie. "Sasa utafanyaje?" Kijana anahesabu, anaitaja dozi kabla ya kuizungusha kwenye kalamu ya insulini. Mzazi anaingilia kati dozi ikiwa ya hatari tu. Ikipishana nusu uniti na ile ambayo angeichagua yeye, anaiacha ilivyo. Saa mbili au tatu baadaye wanapima tena pamoja na kuona imefikia wapi. Baada ya mwezi wa jioni kama hizi utajua anachokifahamu na anachokariri, jambo ambalo huwezi kulijua ukimuuliza tu, "Umedunga?" kutokea jikoni.

Hesabu yenyewe ya dozi ya mlo ikoje?

Kwa wanaodunga insulini ya haraka kila mlo, namba za kushika ni tatu, na zote hutolewa na kliniki: uniti moja inatosha gramu ngapi za wanga, uniti moja inashusha sukari kwa kiasi gani, na sukari inayolengwa ni ipi.

Tuseme kijana kapewa uniti 1 kwa gramu 10, uniti 1 inashusha 3 mmol/L (kizio cha kupimia sukari kwenye damu, ndicho kinachotumika humu), na lengo lake ni 6. Mlo una gramu 60 za wanga, mashine inasema 12. Ya chakula: 60 gawanya kwa 10, uniti 6. Ya kurekebisha: 12 toa 6 ni 6, gawanya kwa 3, uniti 2. Jumla uniti 8. Mashine yako ikisoma kwa mg/dL, kumbuka kwamba 1 mmol/L ni 18 mg/dL.

Kuna mtego mmoja. Insulini ya haraka hubaki kazini kwa saa kadhaa. Aliyedunga saa moja iliyopita, akaona sukari bado iko juu, akaongeza ya kurekebisha, kisha akaongeza tena, atajikuta chini ghafla. Kosa hili la kurundika dozi nimeliona zaidi kwa vijana wenye bidii kuliko kwa wazembe.

Insulini ya haraka hufanya kazi vizuri zaidi ikidungwa kama dakika 15 kabla ya kula. Vijana wengi hudunga baada ya kula, na wengi wa hao husahau kabisa.

Sukari ilikuwa imetulia hadi alipofika miaka 13. Tumekosea wapi?

Huenda hamjakosea popote. Homoni za ukuaji na za balehe huufanya mwili usiitikie insulini kama zamani. Kabla ya balehe mtoto kwa kawaida huhitaji uniti 0.7 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku; katikati ya balehe wapo wanaofika 1.5 na kupita. Homoni ya ukuaji humwagika zaidi usiku, kwa hiyo mtu analala na 7 na kuamka na 13 bila kula chochote. Baadhi ya wasichana huona sukari ikipanda siku chache kabla ya hedhi na kushuka ikishaanza.

Mwambie kijana haya mapema, kabla dozi hazijaanza kupandishwa. Asipoambiwa, ataona ugonjwa wake unazidi au anaadhibiwa. Ukuaji ukikamilika, mahitaji hushuka tena.

Daftari lake lina namba nzuri, lakini HbA1c imetoka juu. Ananidanganya?

Lishike daftari penye mwanga. Wiki mbili zimejaa kurasa mbili kwa kalamu ile ile, mwandiko haujayumba, hakuna hata doa dogo la damu pembeni, na namba ni 6.5, 7.0, 5.5, 7.5, 6.0. Mashine haihesabu kwa nusunusu namna hiyo. Daftari la kweli lina 4.3, lina 13.8, na Jumamosi ina nafasi tupu. Nikiona lile safi najua liliandikwa usiku wa kuamkia kliniki, pengine ndani ya gari.

HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na haipambwi kwa usiku mmoja. (Tahadhari ndogo: selimundu na baadhi ya aina za upungufu wa damu huweza kuipotosha, basi mkumbushe daktari kama mwanao ana tatizo hilo.) Mashine nyingi pia hutunza kumbukumbu ya vipimo, kwa hiyo ukweli upo ukitaka kuufungua.

Ila kabla hujamwita mwongo, jiulize namba za kweli zilipotajwa nyumbani zilipokewaje. Mtoto aliyegombezwa kwa 15 hujifunza upesi kwamba 15 haitajwi. Wazazi huwa nawaomba mwezi mmoja wa msamaha: namba yoyote iliyopimwa kweli inapokewa kwa "asante kwa kupima", basi. Hakuna "mbona". Wengine huniona namdekeza mtoto. Lakini namba za kubuni zina hatari yake hasa, maana daktari akiona HbA1c iko juu na hajui kwamba sindano zinarukwa, anaweza kupandisha dozi pasipohitajika, na siku kijana atakapoamua kudunga zote sawasawa, sukari itamporomoka.

Mimi ndiye mwenye kisukari, nina miaka 15. Nikipata 17 nyumbani panawaka moto. Nifanye nini?

Usizungumze wakati namba iko mezani. Subiri siku tulivu, kisha sema unachotaka badala ya usichotaka. Kwa mfano: "Mama, naomba nikirudi usianze na sukari. Niulize kwanza siku yangu ilikuwaje, halafu tukae tuangalie mashine pamoja saa moja jioni." Mzazi anayepiga kelele mara nyingi anaogopa, na akipewa saa maalumu ya kujua, woga hupungua.

Pia una haki ya kuomba dakika chache na daktari au muuguzi ukiwa peke yako. Si utovu wa adabu, na hutakuwa wa kwanza kuomba.

Sukari ikishuka afanye nini?

Chini ya 4 mmol/L, sawa na 70 mg/dL, ni wakati wa kutibu, si wa kumalizia kwanza swali la mtihani. Dalili: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na kichwa wala miguu. Anywe au ale gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au glasi ndogo ya juisi tamu. Asubiri dakika 15, apime. Ikiwa bado iko chini, arudie. Chokoleti haifai hapa kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Ikishuka chini ya 3 akili huanza kuchanganyika, na mwenyewe anaweza kukataa msaada. Akipoteza fahamu, asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apewe glukagoni (dawa ya kupandisha sukari haraka) kama ipo na kuna anayejua kuitumia, na apelekwe hospitali mara moja.

Fanya jaribio nyumbani: siku yoyote, bila taarifa, mwambie akuonyeshe sukari yake ya dharura. Ikiwa iko kwenye begi lingine, au aliila juzi kwa tamaa, mmejua pa kuanzia.

Akiumwa na hali chochote, aache insulini?

Hapana. Hasa insulini ya muda mrefu, ile inayofanya kazi polepole mchana na usiku, haiachwi kamwe kwa uamuzi wa nyumbani. Homa na maambukizi hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu, na mwili uliokosa insulini huanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni, ambazo huifanya damu kuwa na asidi. Apime sukari kila saa mbili hadi nne, anywe maji kwa wingi, na apime ketoni kwenye damu au mkojo. Ketoni za damu zikizidi 1.5 mmol/L, pigeni simu kliniki au nendeni. Zikifika 3, ni hospitali bila kungoja.

Kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua haraka kwa kina na harufu kama ya matunda mdomoni ni dalili za hatari. Wengi huzidhania malaria au chakula kibaya. Kijana ajifunze kutamka sentensi moja kwa mhudumu yeyote atakayempokea: "Nina kisukari, ninatumia insulini, nipimeni ketoni."

Na kama kijana analazwa kwa ketoni mara kwa mara, sababu inayoongoza ni sindano zilizorukwa. Hilo ni swali la kuuliza kwa upole, wala si kesi ya kusikilizwa.

Kwa nini mtu aruke sindano akijua madhara yake?

Sababu ni nyingi, na ujinga ni nadra kuwa mojawapo. Amechoka, kisukari hakina likizo. Anaona aibu kudunga mbele ya wenzake. Anaogopa sukari kushuka mbele ya watu, kwa hiyo anaiacha juu makusudi. Ana huzuni ambayo hakuna aliyeiona.

Ipo na ile ya kukonda. Bila insulini ya kutosha, sukari hutoka na mkojo na uzito hushuka, na wapo vijana, wengi wao wasichana, waliogundua hilo wenyewe. Ukiona uzito unapungua, HbA1c inapanda, anakwepa kupimwa kilo au anakula kwa kujificha, usihubiri kuhusu macho na figo. Mwambie daktari, na muombe mtaalamu wa afya ya akili aingie mapema. Huu ni ugonjwa juu ya ugonjwa, na ni wa hatari. Vitisho huufukuza mafichoni.

Shuleni nani aambiwe?

Angalau mwalimu mmoja, mhudumu wa afya wa shule kama yupo, na rafiki mmoja anayekaa naye karibu. Rafiki hahitaji somo refu. Anahitaji kujua mambo matatu: akianza kuongea ovyo mpe sukari, akizimia usimtie kitu mdomoni, na ita mtu mzima. Kijana ndiye achague rafiki huyo, na amweleze mwenyewe. Kupima damu, kunywa maji na kwenda chooni visihitaji ruhusa ya mara mbilimbili. Mzazi na apeleke barua ya daktari inayosema hivyo.

Michezo je?

Acheze. Apime kabla, katikati kama mchezo ni mrefu, na baada. Misuli huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, kwa hiyo mechi ya saa kumi na moja jioni inaweza kumshusha saa nane usiku. Apime kabla ya kulala na aulize kliniki kuhusu kupunguza dozi siku hizo. Sukari ikiwa juu na ketoni zipo, siku hiyo akae benchi.

Na pombe?

Jibu la kwanza ni asinywe. La pili, ambalo anapaswa kulijua hata kama unaamini hatakunywa kamwe: ini linaposhughulika na pombe huacha kutoa sukari, na kushuka kunaweza kuja saa nyingi baadaye, hata kesho yake asubuhi, huku watu wakidhani amelewa tu.

Insulini itunzwe wapi?

Ambayo haijafunguliwa, kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda itupwe hata ikiyeyuka. Inayotumika hukaa nje penye kivuli, mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30 kama karatasi yake inavyosema, kwa wiki nne hivi. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Pasipo friji, chungu cha udongo ndani ya kingine, katikati mchanga unaoloweshwa maji kila siku, hupunguza joto vya kutosha kuokoa dawa.

Anadunga palepale kila siku kwa kuwa hapaumi. Kuna ubaya?

Upo, na ndiyo sababu hapaumi. Pitisha vidole tumboni pake taratibu, kama unayetafuta jiwe dogo kwenye unga. Ukikuta uvimbe laini au mgumu chini ya ngozi, insulini inayoingia hapo hunyonywa ovyo, leo polepole, kesho haraka. Ahame: tumbo, mapaja, makalio, nyuma ya mikono, na kila tundu liwe mbali kidogo na la jana. Anapohamia sehemu nzima dozi ileile inaweza kumshusha, basi apime zaidi siku za mwanzo na aulize kama ipunguzwe.

Ana kihisi cha sukari na namba zake zinakuja kwenye simu yangu. Nizifuatilie?

Kubalianeni kwanza. Kihisi hupima majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu; ukimpigia simu kila mshale unapoinama, utakuwa umempigia kwa jambo ambalo ameshalitibu. Patano linalodumu nililoliona ni hili: mzazi anapokea kengele ya kushuka tu, anasubiri dakika 10, kisha anatuma ujumbe mmoja. Asipojibiwa, ndipo anapiga.

Miezi miwili baada ya kugunduliwa, dozi imeshuka karibu kwisha. Amepona?

Laiti. Ni kipindi cha nafuu: chembe za kongosho zilizosalia hupumzishwa na insulini ya sindano na kuzalisha kidogo tena, kwa wiki au miezi. Kisha huisha. Familia nyingi huacha dawa hapa, wengine kwa kuahidiwa tiba ya uhakika, na mtoto huletwa hospitali akiwa hajitambui. Mtu wa kwanza kudungwa insulini kama tiba alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa, kwa kuwa kabla ya hapo tiba ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula. Aliishi miaka 13 zaidi. Vijana hupenda kusikia kwamba aliyetangulia alikuwa wa rika lao.

Mwanangu ana aina ya pili. Haya yanamhusu?

Mengi ndiyo, hasa ya namba na lugha ya nyumbani. Tofauti ni kwamba wengi huanza na metformini (dawa ya kumeza ya kushusha sukari), mlo na mazoezi, wengine na insulini pia, na kwa vijana aina hii huelekea kuleta madhara mapema kuliko kwa watu wazima. Badilisheni mlo wa nyumba nzima. Kijana anayekula peke yake sahani ya mgonjwa hadumu nayo.

Je, juhudi yote hii inabadilisha kitu kweli?

Utafiti mkubwa wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kuanzia 1983 hadi 1993, ulifuatilia watu 1,441 wenye aina ya kwanza, wa miaka 13 hadi 39. Waliodhibiti sukari kwa karibu walipunguza uwezekano wa kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Kwa vijana wengi lengo la HbA1c ni chini ya asilimia 7, lakini anayetoka 11 hadi 9 tayari amepunguza hatari, na anastahili kuambiwa hivyo. Macho, figo, miguu na shinikizo la damu vikaguliwe kwa ratiba ya kliniki hata kama haumwi popote.

Atahamia lini kliniki ya watu wazima?

Mara nyingi kati ya miaka 16 na 21, na ni wakati ambao wengi hupotea kabisa. Anzeni mwaka mmoja au miwili kabla. Ziara ya kwanza mzazi anaingia dakika kumi za mwisho tu. Ya pili anabaki nje. Kijana aandike karatasi moja kwa mkono wake: aina ya kisukari na mwaka kilipogunduliwa, majina ya insulini na dozi, HbA1c tatu za mwisho, mara ngapi amelazwa, tarehe ya kipimo cha macho, na namba ya simu ya kliniki ya zamani. Aipige picha, abaki nayo kwenye simu. Na wasimruhusu kuondoka kliniki ya watoto kabla hajashika mkononi tarehe ya miadi ya huko aendako.